Vitanda vya Mutuini

Mwaka mzima wa 1985 Philister Ogutu alikuwa ukutani. Alikuwa kwenye kalenda ya Tandiko, kampuni ya blanketi, amesimama kando ya cherehani mpya huku mkono mmoja umelala juu ya gurudumu lake, anatabasamu. Chini ya picha paliandikwa kwamba Tandiko haiwasahau wajane wa wafanyakazi wake.

Kalenda hiyo ilitundikwa madukani, kwa vinyozi, katika ofisi za machifu. Siku moja aliikuta kwenye bucha moja pale Dagoretti Corner. Mwenye bucha alimtazama, akageuka akatazama ukuta, kisha akamtazama tena.

"Mama, si huyu ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Philister. "Nipimie nusu kilo. Isiwe na mafuta mingi."

Hakukumbuka kutabasamu. Alikumbuka tu kwamba mpiga picha alisema, "Cheka kidogo, mama," na kwamba uso wake ulitii wenyewe.

Mumewe, Dalmas, alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha Tandiko. Mwezi wa pili wa mwaka 1984 alirudi nyumbani Jumatatu akisema kichwa kinamuuma. Jumatano hakuwatambua watu. Ijumaa alikuwa mochari. Philister alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Walimzika Dalmas kwao Ugenya, na huko watu walimngoja mjane alie. Wanawake walikuja wakimlilia Dalmas tangu barabarani, mikono kichwani, wakimtaja yeye na babu zake. Philister aliketi mkekani na kuwatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha. Alijaribu. Alifungua kinywa, na sauti haikutoka.

"Huyu Nairobi imemkausha," mama mkwe aliwaambia wageni, wala hakushusha sauti.

Matanga yalipoisha, mama mkwe alibaki na Selpher, mtoto pekee wa Philister, aliyekuwa na miaka sita. Philister alirudi kwenye chumba chao cha kupanga Kawangware. Ndipo kampuni ilipomwita, ikampa cherehani mbele ya mpiga picha, na kwa kuwa hakujua kushona, ikampa na kazi ya kupika chai na kufagia.

Ofisi za Tandiko zilikuwa mjini, nyuma ya Biashara Street, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Wenye kampuni walikuwa ndugu wawili. Mkubwa, Vasant, alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekula chakula chake cha mchana peke yake akisoma barua. Mdogo, Navnit, alikuwa mwenye maneno, na alipenda kuona jina la kampuni gazetini. Zamani baba yao alikuwa na duka la nguo katika soko la Dagoretti, na alipokaribia kufa aliwaambia wanawe wasiwasahau watu wa upande ule. Kwa hiyo kila mwaka Tandiko ilitoa msaada huko: Dagoretti, Riruta, Waithaka, Mutuini. Blanketi, madawati, mabati ya chekechea.

Maombi yaliletwa na posta, mafungu kwa mafungu. Aliyeyasoma alikuwa Prabha, mke wa Vasant. Kulikuwa na mama wa mtaa wa Satellite aliyejifungua mapacha na mume katoroka. Kulikuwa na mzee wa Uthiru aliyekatwa mguu. Prabha alisoma hizo barua alasiri, akalia, akashindwa kula, mpaka daktari akamkataza.

Siku hiyo Vasant aliingia jikoni. Philister alikuwa anasuuza vikombe.

"Philister, wewe unajua kusoma vizuri?"

"Nilifika fomu two, bosi."

"Na kutaipu?"

"Naweza kujifunza."

Vasant aliegemea mlango. "Prabha ameniambia kitu. Anasema ukimletea chai unamkuta analia, na wewe huulizi. Unaweka chai, unatoka."

"Samahani, bosi."

"Hapana, si makosa. Mimi nataka mtu kama huyo kwa hii kazi."

Hivyo ndivyo Philister alivyopata meza, kiti na taipureta. Alisoma barua zote. Zilizokubaliwa zilikuwa chache, na zilizobaki alizijibu kwa barua moja isiyobadilika: *Tunasikitika kukujulisha kwamba kwa sasa hatuna uwezo*. Aliitaipu mara nyingi hivi kwamba neno *tunasikitika* liliacha kuwa neno, likawa mwendo wa vidole tu. Mtu akikubaliwa, Philister alitumwa kwenda kuhakikisha. Alikwenda akiwa na fomu, akahesabu watoto, akatazama paa, akaandika. Watu walimsimulia mambo yao huku wakifuta machozi, naye alingoja wamalize, kisha akauliza swali linalofuata.

"Mama Selpher ana kichwa tulivu sana," makarani walisema. Walidhani wanamsifu.

Mwaka wa 1988 ilikuja barua kutoka Mutuini, imeandikwa kwa penseli. Mwandishi wake aliitwa Kalekye, na wote walimwita Sista Kalekye kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya kuosha wagonjwa hospitalini kwa miaka kumi na tisa, ingawa hakuwa na cheti cha unesi. Alipostaafu alipanga nyumba ya mabati katikati ya mashamba, na humo akawa anakaa na watoto waliokuwa wameachwa wodini: mama amekufa, au mama ametoka asubuhi asirudi. Walikuwa thelathini na wanne. Aliomba vitanda.

Philister alikwenda. Alikuta watoto wanalala sakafuni juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Aliandika: *Watoto 34. Vitanda 0. Sakafu ya udongo.* Mwezi uliofuata lori la Tandiko lilipeleka vitanda ishirini vya chuma vya kupandana, kimoja juu ya kingine, pamoja na magodoro na blanketi. Navnit alikuja mwenyewe na mwandishi wa gazeti. Watoto waliambiwa wapande vitandani na kupunga mkono. Picha ilitoka siku ya Jumanne, ukurasa wa tisa.

Miezi saba ikapita. Asubuhi moja Vasant aligundua kwamba Sista Kalekye hakuwahi kutia sahihi hati ya kupokea vitanda, naye mkaguzi alikuwa anaitaka. Simu huko haikuwapo. Philister alitumwa aende hivyo hivyo, bila kumpasha habari.

Alipoingia kwenye kile chumba kirefu cha kulala, alisimama. Vitanda havikuwapo. Magunia yalikuwa yametandikwa sakafuni kama zamani, na juu yake watoto wadogo walikuwa wamekaa wakiwa wamevishwa nguo zilizoraruka.

Sista Kalekye alitoka jikoni anafuta mikono kwa leso.

"Mama Selpher. Hukusema unakuja."

"Vitanda viko wapi, Sista?"

"Karibu kwanza ukae."

"Viko wapi?"

Kalekye alimpeleka nyuma ya nyumba, wakapita kwenye migomba mpaka kwa jirani, mzee aitwaye Muthama. Katika banda la ng'ombe, chini ya nyasi kavu, vitanda vilikuwa vimepangwa vikiegemezwa ukutani. Philister alivihesabu kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Vilikuwa kumi na viwili.

"Nane nyingine?"

"Tulikula," alisema Kalekye.

Philister alimwangalia.

"Nimeuza, nikanunua mahindi. Unataka niseme vipi?" Sauti ya Kalekye haikuwa ya kuomba msamaha wala ya ugomvi. "Mlileta vitanda. Asanteni. Lakini hakuna mtu huleta unga, Mama Selpher. Unga haipigwi picha. Mtoto akilala kwa kitanda na njaa, hiyo ni usingizi gani?"

"Na hizi mmezificha kwa nini?"

"Leo saa nne kuna wageni. Kampuni ya sabuni. Wakikuta vitanda, watasema hawa wameshasaidiwa, twende kwingine." Alivuta nyasi akafunika chuma kilichokuwa kinaonekana. "Wakienda tunarudisha. Watoto wamezoea. Wakubwa wanabeba, wadogo wanashika magodoro."

Kabla hawajamaliza, magari mawili yalisikika yakiingia uani. Philister hakuwa na mahali pa kwenda. Alirudi na Kalekye, akaketi kwenye benchi pamoja na wanawake wawili wa jirani waliokuja kusaidia kupika. Wageni walishuka, mama mmoja mwenye kofia na wanaume watatu wenye tai. Waliingia ndani, wakatazama magunia, wakatikisa vichwa. Yule mama alitoa kitambaa akafuta macho.

Halafu mpiga picha wao akataka mtu mzima akae katikati ya watoto. Sista Kalekye alikuwa anaongea na wageni, kwa hiyo mpiga picha akamnyooshea Philister kidole.

"Wewe mama, beba huyo mtoto."

Alikuwa msichana wa miaka kama minne, jina lake Kanyiva, aliyelala pembeni peke yake. Philister alimwinua. Mtoto alikuwa wa moto. Kichwa chake kilianguka kwenye bega la Philister na kubaki hapo, kizito.

"Cheka kidogo, mama," alisema mpiga picha.

Uso wa Philister ulitii.

Wanaume walishusha zawadi kutoka kwenye gari la nyuma. Zilikuwa ni katoni tano za sabuni na vitanda kumi na vitano.

Magari yalipoondoka, wanawake walianza kucheka, kicheko kile cha watu waliochoka, wakiutazama ule mlima mpya wa chuma. Philister hakucheka. Alikuwa bado amembeba Kanyiva.

"Huyu mtoto ana homa tangu lini?"

"Siku tatu. Nilimpa dawa ya mwisho jana," alisema Kalekye. "Nilikuwa nangoja wageni waende, nione kama naweza kupata pesa ya kwenda kwa daktari."

Philister alimfunga Kanyiva mgongoni kwa leso ya Kalekye na kuondoka naye. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Hakusikia huruma, angeisikia angeijua. Miguu ilikwenda tu. Katika zahanati walimpa fomu. Palipoandikwa *uhusiano na mgonjwa*, alikaa na kalamu mkononi kwa muda, kisha akaandika *Tandiko Limited*. Karani wa zahanati alisoma, akamtazama, akagonga muhuri. Mtoto alikuwa na nimonia. Walimdunga sindano, wakamlaza. Philister alikaa kwenye benchi mpaka alasiri, akitazama kifua kidogo kinavyopanda na kushuka. Alisikia habari kwamba angepona kama anavyosikia habari ya hali ya hewa. Ila alipotoka nje aligundua kwamba ile hati ya sahihi, iliyokuwa mfukoni, ilikuwa imekunjwakunjwa na vidole vyake mpaka haisomeki.

Kesho yake alitaipu ripoti yake. Ilikuwa mistari minne. Vitanda kumi na viwili viko kwa jirani. Vitanda vinane vimeuzwa ili kununua chakula. Kampuni nyingine imeleta vitanda kumi na vitano zaidi. Chakula hakuna.

Navnit alikuja na karatasi hiyo ofisini kwa kaka yake akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Motabhai," alisema, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao, "huyu mwanamke ni mwizi. Mimi nimesimama naye gazetini! Tuite polisi."

Vasant alimwita Philister. Alimwonyesha kiti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kukaa katika chumba hicho.

"Hii uliandika ni kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Wewe unaonaje? Tuite polisi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Philister anaonaje. Aliangalia mikono yake.

"Bosi, unakumbuka siku mlinipa cherehani?"

"Nakumbuka. Picha ilikuwa nzuri sana," Navnit alidakia.

"Siku hiyo nilikuwa sijakula siku mbili. Nilikuwa nimerudi kutoka matanga, nyumba haina kitu. Nilisimama hapo mkapiga picha, mkanipa soda, kisha mkaniambia asante. Nilibeba cherehani mpaka Kawangware. Wiki iliyofuata niliiuza." Alisema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma orodha ya madawati. "Hata mimi nilikula yangu. Mkiita polisi, sisi ni wawili."

Kutoka dukani chini ilisikika sauti ya mtu anararua kitambaa kwa kipimo.

"Mbona hukusema kwamba una njaa?" Vasant aliuliza.

"Hakuna mtu aliuliza."

Navnit alianza kusema jambo, lakini kaka yake aliinua mkono. Vasant alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Huyo Sista anahitaji nini? Si ile ya barua. Ile ya kweli."

"Mahindi. Maharagwe. Mafuta ya taa. Mtu wa kupika, alipwe. Na mahali watoto wakiugua watapokelewa bila yeye kungoja wageni."

"Kila mwezi?"

"Wanakula kila mwezi, bosi."

"Na mimi nitaweka nini kwenye kalenda?" Navnit aliuliza. "Gunia? Nani atajua ni sisi?"

"Weka maua," Vasant alimwambia ndugu yake. "Watu wanapenda maua."

Kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na maua.

Kwa karibu miaka saba, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, lori la kampuni lilisimama Mutuini na kushusha mahindi na maharagwe. Mwanamke mmoja wa hapo alilipwa kupika. Zahanati ilikuwa na barua ya Tandiko, na mtoto yeyote wa Sista Kalekye akipelekwa alipokelewa. Vitanda vilirudi ndani, hata vile vya kampuni ya sabuni, na vilivyozidi akapewa Muthama kwa ajili ya wajukuu zake. Kila mara Philister alikuja na lori, akahesabu magunia, akatia sahihi, akaondoka. Watoto walimkimbilia wakamshika sketi. Aliwaacha wamshike. Kalekye alimpa uji, akaunywa amesimama.

Mwaka wa 1992 Selpher alifaulu mtihani, na mama mkwe, Dani kama Selpher alivyomwita, aliyekuwa sasa haoni vizuri, akamleta mwenyewe Nairobi aingie kidato cha kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mwenye macho ya Dalmas. Philister alimnunulia sare, vitabu, viatu, sanduku. Alimwekea pazia katikati ya chumba ili awe na pahali pake. Alimpikia. Hakukosa chochote, ila mama na binti walikaa katika chumba hicho kama watu wawili wanaongoja mhudumu katika ofisi moja.

Ijumaa moja ya likizo alimchukua Selpher kwenda Mutuini. Selpher alitazama lori linavyoshushwa, watoto wanavyomzingira mama yake, mama yake alivyosimama katikati yao na karatasi. Njiani kurudi, walipokuwa wanatembea kwenda kwenye lami, alisema:

"Mama, hawa watoto wanakupenda."

"Wanapenda mahindi."

"Hapana. Nimewaona." Selpher alisimama. "Wewe hujawahi kuniuliza kama nilimlilia Baba."

Philister naye alisimama. Palikuwa na ua wa kei wenye miiba kando ya njia, na vumbi jekundu juu ya majani yake.

"Ulimlilia?"

"Kila siku. Dani alikuwa anasema niache, kwa sababu wewe mwenyewe hukulia. Nilidhani hukumpenda."

"Nilimpenda."

"Basi huzuni yako ilienda wapi?"

Philister alifikiri. Alitaka kumpa mtoto jibu la kweli, na lile la kweli lilikuwa fupi.

"Sijui, nyathina, mtoto wangu. Nimeitafuta. Sijui ilienda wapi."

Selpher akampokea mfuko, ingawa haukuwa mzito, na wakaendelea. Hawakuongea tena habari hiyo. Lakini kuanzia siku hiyo pazia la katikati lilikaa limefunguliwa.

Kisha mambo ya nchi yakageuka. Mipaka ilifunguliwa, mitumba ikafurika, na blanketi zilizotumika kutoka nje zikawa zinauzwa kando ya barabara kwa bei ambayo Tandiko isingeweza hata kununulia uzi. Kwanza zamu ya pili ilifungwa, kisha nusu ya mashine. Mwaka wa 1995 Navnit alihamia kwa mwanawe Uingereza. Mwezi wa tano uliofuata Vasant alimwita Philister. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa.

"Nimeweka mahindi ya mwisho, ya miezi mitatu," alisema. "Baada ya hapo kampuni haiko. Utamwandikia Sista barua?"

Philister aliketi kwenye taipureta, akatia karatasi. *Tunasikitika*, aliandika, na vidole vikaendelea vyenyewe mpaka mwisho wa sentensi. Aliisoma. Alikuwa amewatumia watu wasiojulikana idadi barua hiyo hiyo, na sasa alijaribu kumwona Kalekye akiifungua pale mlangoni, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliitoa karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake, asiipeleke.

Alikwenda mwenyewe. Kalekye alikuwa anapepeta maharagwe uani.

"Sista, nimekuja kusema kitu, na sijui kukisema kwa mdomo. Nimezoea kutaipu."

"Imekwisha," alisema Kalekye.

"Imekwisha. Kuna ya miezi mitatu."

Kalekye aliweka ungo chini. Alitazama uwanja, mahali watoto walipokuwa wanaruka kamba. Walikuwa ishirini na sita mwaka huo.

"Miaka saba," alisema mwishowe. "Hakuna mgeni aliwahi kukaa miaka saba. Kaa, tule."

"Samahani, Sista."

"Kaa kwanza."

Philister aliketi. Alikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye bakuli moja na Kalekye, na hakuondoka mpaka bakuli lilipokwisha.

Katika miezi ile mitatu wawili hao walizunguka. Philister alikuwa na faili la majina ya kampuni na makanisa yote yaliyowahi kuandikiana na Tandiko, na sasa ni yeye aliyeandika barua za kuomba. Aliyajua makosa yote ya barua kama hizo. Hakuweka machozi ndani. Aliandika idadi ya watoto na idadi ya vikombe vya mahindi vinavyotakiwa kwa siku. Majibu mengi yalikuja na sentensi aliyoijua kwa moyo. Aliyasoma kwa utulivu na kuyapanga. Kanisa moja la Waithaka lilikubali kuwachukua watoto kumi na wawili katika makao yake. Wengine watano walipatikana kuwa na jamaa walio hai, na Philister aliwaendea wote, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha. Mmoja wa hao watano, Kanyiva, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, alichukuliwa na dada ya mama yake huko Machakos. Alipoaga, alimpa Philister mkono kama mtu mkubwa, kwa sababu hakuna aliyemweleza kamwe ni nani aliyembeba mgongoni. Philister hakumweleza pia.

Tisa walibaki kwa Kalekye. Hao hakuna aliyewataka, au hao Kalekye hakutaka kuwatoa. Hakusema ni lipi.

Tandiko ilifungwa mwezi wa nane. Wafanyakazi walipewa blanketi mbili kila mmoja. Vasant aliwasalimia wote mlangoni, na alipofika kwa Philister alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Philister alipata kazi Adams Arcade, kwa mama mmoja Mhindi wa Singasinga, Gurmeet, aliyekuwa na duka la kufua na kupiga pasi. Aliandika vijikaratasi vya majina na kuvibana kwenye mashati ya watu. Ilikuwa kazi nyepesi, na hakuna aliyelia pale ila mteja mmoja aliyepotezewa koti.

Selpher alikuwa ameingia chuo cha ualimu. Chumba cha Kawangware kilikuwa kimya siku za Jumamosi, na Philister akaanza kwenda Mutuini. Hapakuwa na lori tena, wala fomu. Mara ya kwanza alisimama uani asijue mikono yake aiweke wapi.

"Kama umekuja kuhesabu, tuko tisa na mimi kumi," Kalekye alimwambia. "Kama umekuja kukaa, kuna viazi hapo."

Akamenya viazi. Jumamosi iliyofuata alimenya tena. Watoto walimzoea, wakaacha kumwita Madam. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na tabia ya kuja kuegemea mgongo wake wakati anafanya kazi, kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yao.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 1997, wakati Nairobi huwa na mawingu kutwa nzima. Philister alikuwa amekaa kwenye kigoda, karai la maji mbele yake, mikono ndani, anaosha viazi. Mtoto yule alikuwa ameegemea mgongo wake. Philister aliacha kuosha ghafla, akaitoa mikono, akaitazama. Vidole vilikuwa vimekuwa vyekundu.

"Nini?" Kalekye aliuliza kutoka jikoni.

"Maji ni baridi."

"Ilikuwa baridi tangu asubuhi."

"Ni baridi sana, Sista," alisema Philister, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ikiwa na mkwaruzo ambao Kalekye hakuwahi kuusikia. "Inauma."

Kalekye alitoka na birika, akammiminia maji moto polepole kwenye karai, akiangalia asimuunguze. Hakumuuliza kitu. Alirudi jikoni akamwacha na viazi vyake, na yule mtoto akaendelea kuegemea, na Philister akaosha vilivyobaki, uso umelowa, bila kujifuta.